Dawa ya Kipandauso Usiiache Kimyakimya

Leo nasema na mtu mmoja, ingawa najua mko wengi na mmetapakaa kila mahali sauti hii inakofika. Nasema na yule aliyekwenda hospitali kwa ajili ya kipandauso, akapewa dawa ya kumeza kila siku ili maumivu yasimjie mara kwa mara, akaanza vizuri, na baada ya wiki mbili akaona mambo mengine: mdomo unakauka, mwili mzito asubuhi, vidole vinakufa ganzi, maneno yanampotea katikati ya mazungumzo. Akaiacha. Hakumwambia daktari, hakumwambia mwenzake nyumbani. Vidonge vilivyobaki viko kabatini na kichwa kimerudia mtindo wake wa zamani.

Sikulaumu. Wenzako ni wengi kuliko unavyodhani. Huko Marekani watafiti walipekua kumbukumbu za bima za maelfu ya watu wenye kipandauso sugu walioanzishiwa vidonge vya kuzuia. Ilipotimia miezi 6, waliokuwa bado wanavimeza ipasavyo hawakufika 3 kati ya 10. Mwaka ulipotimia hawakuzidi 2 kati ya 10. Wapo walioacha kwa sababu hawakuona nafuu, lakini yale ambayo wahudumu wetu wa afya huyaita maudhi madogomadogo yana mchango mkubwa katika kukatisha watu tamaa. Na mimi nasema wazi kwamba kwa anayeyaishi si lazima yawe madogo. Mwalimu anayesahau jina la somo mbele ya darasa hana maudhi madogo. Dereva anayesinzia saa 3 asubuhi hana maudhi madogo.

Ninachokuja kukuambia leo ni kwamba kuacha dawa kuna njia yake, kubadili dawa kuna njia yake, na hata kubaki nayo huku maudhi yakipungua kuna njia yake. Kinachoumiza ni ukimya. Ukiacha bila kusema, daktari anaandika kwenye faili kwamba dawa fulani haikufaa, ilhali huenda haikupewa nafasi hata mwezi mmoja. Ukivumilia bila kusema, unaweza kuwa unavumilia jambo ambalo lingeondoka kwa kupunguza nusu kidonge tu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Kipandauso ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu. Maumivu mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa, yanagonga, mtu anasikia kichefuchefu au anatapika, mwanga unamkera, kelele zinamkera, na akiinuka kutembea yanazidi. Shambulio moja lisipotibiwa huchukua kati ya saa 4 na saa 72. Wengine kabla ya maumivu huona mistari inayometameta machoni. Zaidi ya watu bilioni moja duniani wanaishi nao, na wanawake wanaupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa watu wa mjini wenye msongo wa mawazo. Utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba vijijini kaskazini mwa Tanzania uliukuta huko pia, kwa wakulima na wafugaji.

Mtu anayepata shambulio moja kwa miezi kadhaa hahitaji dawa ya kila siku. Dawa ya kuzuia hufikiriwa pale mashambulio yanapofika siku nne au zaidi kwa mwezi, au yakiwa machache lakini yanamwangusha mtu kabisa. Na lengo lake lieleweke tangu mwanzo, maana hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo: haiponyi. Ikipunguza siku za maumivu kwa nusu, madaktari wanahesabu kwamba imefanya kazi. Ukiimeza ukitarajia kichwa kisiume tena maishani, utaona imeshindwa hata pale ilipokusaidia.

Sasa kuna jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi, nalo lingewaondolea hofu nyingi. Karibu vidonge vyote vya zamani vya kuzuia kipandauso havikutengenezwa kwa ajili ya kipandauso. Propranololi ilitokana na kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960, akitafuta nafuu kwa watu wenye maumivu ya moyo. Kazi hiyo ni sehemu ya iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka 1966 madaktari waliokuwa wakiitumia kwa wagonjwa wa moyo walitambua kwamba kipandauso nacho kilikuwa kinapungua. Iligunduliwa hivyo, kwa bahati. Amitriptilini ni dawa ya sonona. Topirameti na valproeti ni dawa za kifafa.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu mtu anafika nyumbani, anafungua kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, au mtoto wake anamsomea kwenye simu, anakuta pameandikwa ni dawa ya kifafa au ya ugonjwa wa akili. Anashtuka. Anadhani daktari amemwona kichaa, au amemficha ugonjwa. Jirani akisikia ndiyo kabisa. Mama, baba, ndugu yangu, hukufichwa ugonjwa. Dozi ya amitriptilini inayotolewa kwa kipandauso kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ya sonona, na inafanya kazi kwenye njia za maumivu. Dawa moja inaweza kuwa na kazi tatu. Lakini kwa kuwa inagusa moyo, usingizi, mate, utumbo na hisia, haiishii kichwani peke yake. Maudhi mengi yanatoka hapo.

Tuizungumzie amitriptilini, kwa sababu ni ya bei nafuu na wengi wenu ndiyo mnayoijua. Vidonge vyake katika maduka yetu mara nyingi huwa vya miligramu 25. Wataalamu hupenda kuanza na miligramu 10, au nusu ya kile cha 25, kisha kupandisha taratibu. Mtu akianzishiwa kidonge kizima au viwili kwa siku ya kwanza, kesho yake anaamka kichwa kizito, miguu haina nguvu, na anasema dawa hii itaniua. Haitamuua, ilianza kwa kasi tu. Kama hilo ndilo lililokupata, ombi lako kwa daktari liwe jepesi: tuanze chini, tupande polepole.

Saa ya kumeza nayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukiimeza saa 5 usiku unapopanda kitandani, uzito wake utakufuata mpaka saa 3 au saa 4 asubuhi. Ukiimeza saa 1 au saa 2 usiku, baada ya chakula cha jioni, unaamka mwepesi zaidi. Kwa watu wengi usingizi wa mchana hupungua baada ya wiki moja hadi tatu, mwili unapozoea. Katika wiki hizo za mwanzo, wewe wa bodaboda, wewe wa daladala, wewe wa mashine ya kusaga au ya kuranda mbao, jipe tahadhari. Ikiwezekana anza dawa siku ambayo kesho yake huna kazi. Na pombe isikaribie, kwa sababu viwili hivyo vinaongezeana uzito.

Mdomo kukauka ni karibu alama ya dawa hii. Maji ya kunywa kidogokidogo yanasaidia, chingamu isiyo na sukari inasaidia kwa kuamsha mate. Pipi za sukari ziache, kwa sababu mate ndiyo yanayolinda meno, na yakipungua meno huoza haraka. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Choo kigumu nacho kinakuja. Papai, maharage, matembele, mchicha, maji ya kutosha na kutembea kwa miguu ndiyo tiba ya kwanza, kabla ya kukimbilia dawa za kuharisha. Wanaume wenye umri mkubwa wenye shida ya tezi dume waseme mapema, kwa sababu amitriptilini inaweza kuzuia mkojo, na mkojo kuziba ni dharura.

Uzito wa mwili unaongezeka kwa baadhi ya watu, na hasa hamu ya wanga: mikate, maandazi, soda. Jipime kabla ya kuanza na kila mwezi. Ukiona kilo tatu zimeingia ndani ya miezi miwili na hazikuwa sehemu ya mpango wako, hilo si jambo la kuonea haya. Ni taarifa ya kumpelekea daktari.

Halafu kuna malaria, na hapa naomba usikivu wako wote. Dawa ya mseto tunayoitumia sana, ile yenye atemeta na lumefantrini, haipatani vizuri na amitriptilini. Lumefantrini inaweza kuuchelewesha mwili kuiondoa amitriptilini, na zote mbili zinagusa mapigo ya umeme wa moyo. Hii haina maana kwamba usitibiwe malaria, malaria haingoji. Maana yake ni kwamba unapopima na kukutwa na vimelea, sentensi ya kwanza kwa mhudumu iwe: natumia amitriptilini kila usiku. Yeye ndiye ataamua nini kisimamishwe na kwa siku ngapi. Ukinyamaza, ataandika mseto kama anavyowaandikia wote. Vivyo hivyo kwa tramado, ambayo siku hizi watu huinunua kwa maumivu ya mgongo: ikikutana na amitriptilini hatari ya degedege inaongezeka.

Propranololi ina tabia nyingine. Ndiyo pekee iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu kwa kazi hii ya kuzuia kipandauso. Kwa mtu ambaye pia ana shinikizo la damu, inaweza kuwa chaguo zuri, kidonge kimoja kikabeba mizigo miwili. Maudhi yake ni uchovu, mikono na miguu ya baridi, kizunguzungu unaposimama ghafla, na ndoto kali zinazokuamsha. Kizunguzungu kina dawa yake: kaa ukingoni mwa kitanda kwanza, kisha simama. Ndoto zikikusumbua, muulize daktari kama dozi ya jioni inaweza kusogezwa mapema. Anayecheza mpira au kukimbia ataona pumzi inamwishia mapema kuliko alivyozoea, kwa sababu dawa imeushika moyo usipige kasi.

Lakini mwenye pumu haifai kabisa kuimeza, hata kama pumu ilimshika mara ya mwisho utotoni na ameshaisahau. Inaweza kubana mirija ya hewa. Mwenye kisukari anayetumia insulini naye ajue kwamba sukari ikishuka, ule mtetemo na mapigo ya moyo anavyovitegemea kama onyo huenda asivisikie. Jasho linaweza kubaki kuwa ishara pekee. Na propranololi haikatwi ghafla. Ukiamka siku moja ukaitupa, moyo unaweza kwenda mbio na presha kupanda. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo inaweza kuleta maumivu makali ya kifua. Inashushwa kidogokidogo, kwa wiki moja au mbili au zaidi, kwa maelekezo ya daktari. Ndiyo maana kuacha kimyakimya kunanikera kiasi hiki: wako watu wanajitia hatarini wakidhani wanajiokoa.

Nije kwenye topirameti. Hii ndiyo inayoleta vituko ambavyo mtu akivisimulia nyumbani haaminiwi. Vidole vya mikono na miguu, pengine na midomo, vinachomwachomwa, kama sisimizi wanapita chini ya ngozi. Soda inapoteza ule mchomo wake ulimini, inakuwa maji ya sukari tu. Mtu anadhani duka limemuuzia soda iliyochacha. Sababu ipo na inaeleweka: ulimi unautambua mchomo wa gesi ya soda kwa msaada wa kimeng'enya fulani, na topirameti inakizuia kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Hakuna kilichoharibika mwilini, na ladha hurudi dawa ikiachwa. Najua mtu aliyeelezwa hivi mapema hucheka akaendelea na maisha. Asiyeelezwa hulala na hofu ya kiharusi.

Kituko kinachouma zaidi ni cha akili. Topirameti huweza kumfanya mtu atafute neno analolijua tangu utotoni na asilipate. Anataka kusema kijiko, anabaki anaonyesha kwa mkono. Wanafunzi, walimu, mahakimu, watangazaji, wahasibu, yeyote anayekula kwa maneno au hesabu, hili linamgusa riziki. Mara nyingi linatokea dozi inapopandishwa haraka. Njia ya kawaida ni kuanza na miligramu 25 na kuongeza 25 kila wiki hadi 100 kwa siku. Mwenye kuona akili inachelewa anaweza kuomba kuongezewa kila baada ya wiki mbili, au kubaki kwenye dozi ya chini kama kichwa kimeshapata nafuu. Na kama bado neno linapotea, basi dawa hii si yako. Sioni sababu ya mwanafunzi wa kidato cha sita kuambiwa avumilie mpaka mtihani upite.

Kwetu tunaoishi kwenye joto, topirameti ina jambo la ziada. Hupunguza jasho, hasa kwa watoto, na mwili usiotoa jasho Dar es Salaam mwezi wa Februari, au Mombasa, au Lodwar, unapata moto. Pia huongeza uwezekano wa mawe kwenye figo. Kwa hiyo maji ni sehemu ya dozi. Kunywa mpaka mkojo uwe na rangi hafifu. Na ndugu zangu Waislamu, Ramadhani ikikaribia, usisubiri mwezi uandame ndipo uanze kujiuliza. Dawa ya mara moja usiku haina tatizo na funga. Ya mara mbili mara nyingi inaweza kupangwa futari na daku. Lakini mchana mzima bila maji ukiwa na topirameti ni jambo la kukaa na daktari wiki kadhaa kabla, aangalie figo zako na kazi unayoifanya juani.

Sasa wanawake, na nasema hili kwa uzito wote nilionao, kwa kuwa wagonjwa wengi wa kipandauso ni wanawake walio katika umri wa kuzaa. Valproeti isitumike kuzuia kipandauso kwa mwanamke anayeweza kushika mimba bila uzazi wa mpango wa uhakika, na kwa mjamzito haifai kabisa kwa kazi hii. Takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Topirameti nayo huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mdomo sungura, na mwaka 2023 wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliiwekea masharti mapya kwa wanawake. Tena inaweza kudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, hasa katika dozi kubwa. Kitanzi cha shaba hakiathiriki. Kama uliandikiwa mojawapo na hakuna aliyekuuliza kuhusu mimba, rudi ukaulize wewe. Ila kama unaitumia kwa kifafa, usiikate peke yako, kwa sababu degedege lisilozuiwa nalo ni hatari kwako na kwa mtoto. Nenda upesi, ukitumia dawa yako, ukazungumze.

Kuna pia flunarizini, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso. Husababisha usingizi na kuongeza uzito. Lakini ninachotaka familia zifuatilie ni huzuni. Mtu aliyekuwa mchangamfu akianza kujitenga, kulia bila sababu, au mzee akianza kutetemeka mikono na kutembea kwa kukokota, msiseme ni uzee au ni mambo ya dunia. Angalieni anameza nini.

Niguse jambo moja ambalo linahitaji kusemwa kwa adabu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mkubwa Marekani kuhusu watoto na vijana wa miaka 8 hadi 17 wenye kipandauso. Wengine walipewa amitriptilini, wengine topirameti, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Uchovu ulitajwa na 30 katika kila 100 waliopewa amitriptilini, lakini pia na 14 katika kila 100 waliomeza kidonge kitupu. Kwa mdomo kukauka ilikuwa 25 kwa 12. Sisemi kwamba maudhi yako ni ya kufikirika. Kwa waliopewa dawa idadi ilikuwa mara mbili, na hiyo nusu ya ziada ni dawa yenyewe. Nasema tu kwamba uchovu una wazazi wengi. Kipandauso chenyewe kinachosha. Kulala vibaya kunachosha. Upungufu wa damu unachosha, na kwa wanawake wetu ni wa kawaida sana. Kabla ya kuihukumu dawa, mwombe daktari apime wingi wa damu. Na wazazi mjue kwamba katika utafiti huo dawa zote mbili hazikuvishinda vidonge vitupu kwa watoto, kwa hiyo mtoto akipata maudhi makali, sababu ya kumlazimisha aendelee ni ndogo.

Namna nzuri ya kujua ni kuandika. Daftari la shule linatosha. Kabla ya kuanza dawa, andika kwa mwezi mmoja siku ambazo kichwa kiliuma na ulikuwa unajisikiaje kwa jumla: usingizi, choo, uchovu, hali ya moyo. Ukianza dawa, endelea. Baada ya wiki 8 hadi 12 kwenye dozi kamili unakuwa na ushahidi mkononi. Zilikuwa siku 12 za maumivu, sasa ni 5, na mdomo unakauka. Je, unakubali biashara hiyo? Wewe ndiye wa kujibu. Mwenzako anaweza kukubali kilo nne zaidi ili asikose kazi. Wewe unaweza kukataa. Wote mna haki.

Katika daftari hilohilo andika na siku ulizomeza dawa za maumivu. Mtu anayemeza parasetamo au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge mchanganyiko vyenye kafeini au kodeini siku 10 au zaidi, kwa miezi mitatu mfululizo, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayotokana na dawa hizohizo. Huyo atameza dawa ya kuzuia, hataona nafuu ya maana, atabaki na maudhi matupu, na ataiacha. Wengi wanaosema dawa ya kuzuia haikunisaidia kitu wako hapa, na hakuna aliyewauliza wananunua vidonge vingapi dukani.

Yapo maudhi ambayo hayasubiri kliniki. Jicho kuuma na kuona ukungu ghafla ukiwa kwenye topirameti, hasa mwezi wa kwanza: nenda leo, unaweza kupoteza uwezo wa kuona. Kifua kubana na kupiga miluzi ukiwa kwenye propranololi. Kuzimia. Moyo kwenda ovyo. Mkojo kukataa kutoka. Macho kuwa ya njano au kutapika mfululizo ukiwa kwenye valproeti. Mawazo ya kujidhuru, dawa yoyote uliyo nayo. Kwa hayo, mwamshe mtu nyumbani, tafuteni usafiri, beba pakiti zote za dawa mkononi.

Kwa wahudumu wa afya nina ombi. Najua foleni, najua kliniki ya nje ina watu hadi ukumbini. Lakini dakika moja ya kusema "wiki mbili za kwanza utasinzia, mdomo utakauka, hali hiyo hupungua, isipopungua njoo" inamwokoa mgonjwa na miezi ya kuhangaika. Wako wanaohofia kwamba ukimtajia mgonjwa maudhi atayapata. Mgonjwa ana simu. Atayasoma usiku peke yake, bila wewe wa kumwambia lipi ni la kawaida na lipi ni la hatari. Bora ayasikie kwako. Na maudhi mazito yaripotiwe: Tanzania kwa TMDA, Kenya kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Mgonjwa naye anaweza kumwomba mfamasia wake amsaidie kuripoti.

Na hata kwa nchi zenye fedha safari hii haijaisha. Tangu 2018 zipo sindano zilizotengenezwa mahsusi kwa kipandauso, ya kwanza ikiwa erenumabu, nazo zina maudhi machache zaidi kwa wengi, ingawa choo kigumu kipo. Huko Marekani zinagharimu mamia ya dola kwa mwezi. Wengi wetu tutaendelea na vidonge vya zamani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo tujifunze kuvitumia vizuri.

Vidonge hivyo viko vya aina nyingi kiasi cha kumtosha mtu kuchagua. Asiyepata usingizi huenda akafurahia usingizi wa amitriptilini. Mwenye presha anaweza kupewa propranololi au kandesatani, ambayo nayo ni dawa ya presha. Mwenye uzito mkubwa asiyetarajia mtoto anaweza kupatana na topirameti. Aliyeshindwa na moja hajashindwa na zote. Basi ukienda kliniki mara nyingine, mwambie daktari hivi, bila woga: hii nimeimeza wiki kadhaa, imenifanyia hili na hili, kazi yangu ni hii, mtoto namtaka au simtaki, nipunguzie au nibadilishie. Kama tayari umeiacha, mwambie hilo pia, na siku uliyoiacha. Hana haki ya kukugombeza, na bila habari hiyo hawezi kukutibu.